Marahaba ya Bunduki

Kezia alivua viatu mlangoni kama alivyofundishwa, akavipanga pua zikitazama nje, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Shikamoo."

"Marahaba," sauti ya mzee ikaitikia kutoka ndani. "Hujambo, mtoto mzuri?"

Yusta alikuwa nyuma yake ngazini, na bakuli la dagaa wa kukaanga mkononi, zawadi kwa jirani. Alitabasamu. Mzee Wendell kajifunza Kiswahili lini? Akanyanyua macho aingie, na tabasamu likamfia mdomoni. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, shoka lake likisikika likipasua kuni. Sebuleni hapakuwa na mtu yeyote. Palikuwa na kochi, saa ya ukutani, na juu ya mlango, imelala kwenye ubao wake uliong'arishwa, bunduki.

"Mama, Amos kaniitikia!" Kezia alisema, akiruka ruka kwa furaha, kidole kikiielekea bunduki.

Yusta alimvuta mwanawe nyuma ya gauni lake. Bakuli lilimteleza, dagaa wakamwagika kizingitini.

"Karibuni ndani," bunduki ikasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, sauti ya mzee aliyekwisha kula akashiba. Hakuna aliyeifundisha. Ilikuwa imejifunza hapo hapo ukutani, asubuhi baada ya asubuhi, kwa kusikiliza mtoto wa jirani akiwaamkia wazazi wake upande wa pili wa uzio.

Mzee Wendell Pruitt aliingia na mzigo wa kuni kifuani. Alikuwa mjane, mrefu, mgongo umeanza kupinda, na ndiye aliyemkimbiza Yusta hospitali kwa gari lake usiku Kezia alipozaliwa, theluji imefunika barabara zote za Larkin Gap. Alipoelezwa kilichotokea aliziachia kuni zikaanguka. Akaketi. Akaitazama bunduki, akamtazama mtoto, macho yakamjaa maji.

"Ni sauti ya baba yangu," alisema, na kitafsiri kilichokuwa sikioni mwa Yusta kikamgeuzia maneno. "Miaka yote hii sijawahi kusikia mtu akimsalimia baba yangu hivyo. Hebu mwambie arudie."

"Hapana, mzee wangu," Yusta alisema. "Harudii."

*

Watu wa Kigoma waliovuka bahari wakahamia Larkin Gap waliziita bunduki za mji ule "sikivu". Lilikuwa neno la utani, maana mtoto msikivu ni yule anayetumwa akaenda. Lakini hizi hazikutumwa na mtu. Kila moja ilikuwa na sikio, kifungo cha shaba kilichopachikwa kwenye kitako chake, na komeo ndani ya tumbo lake, nayo ilisema kwa sauti ya mzee wa kale wa nyumba yake. Ilisikiliza sauti za waliopita na waliobisha hodi, ikapambanua nani wa kwao na nani mgeni, ikapima woga na hasira katika pumzi za watu. Ikiridhika kwamba kuna hatari, komeo lilifunguka, *kla*, na hapo tu ndipo mwenye bunduki angeweza kuvuta triga. Isiporidhika, angevuta mpaka kidole kivimbe.

Mwanzoni watu walishangilia. Ugomvi wa ulevi ulikosa risasi. Watoto waliochezea bunduki za baba zao walitoka salama. Yusta mwenyewe hakukataa kwamba hilo lilikuwa jema. Ila kitu kinachoamua vizuri leo, kesho watu hukiachia kiamue kila jambo. Mji ukatunga Sheria ya Heshima: bunduki ikishafungua komeo, imeamua yenyewe, na mwenye kidole haulizwi. Bunduki ndiyo iliyoitwa mahakamani. Ikaapishwa. Watu wakaanza kusimama ilipoingia. Halmashauri ikaagiza kwamba katika kitafsiri cha kila mhamiaji bunduki iwe "yeye", kama mtu.

Masika yaliyopita gari la mwanamume mmoja lilichemka barabarani, naye akaenda kubisha hodi kwenye nyumba akiwa na dumu tupu, anaomba maji. Sauti yake ilikuwa ngeni. Komeo likafunguka, na risasi ikamwua. Mahakamani bunduki iliulizwa, ikajibu, "Sikumtambua," na kesi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Wakairudisha nyumbani ikiwa na utepe mweusi.

Nyumba ile ilikuwa ya mzee Wendell. Bunduki ile ilikuwa Amos.

*

"Ni neno tu, Mama Kezia," Meshaki, mumewe Yusta, alisema. Alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha kuku na sare yake ilikuwa bado inanuka dawa ya kuoshea mikono. "Mtoto kaamkia, kaitikiwa. Basi."

"Neno tu? Haya, kesho mpigie mama yako simu, umwambie hutamwamkia tena kwa sababu ni neno tu. Tuone atakavyokulaani."

Meshaki akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mlango uligongwa, na aliyeingia alikuwa mwenyekiti wa mji, Norma Tackett, mwanamke mchangamfu mwenye hereni kubwa, bunduki yake imening'inia begani kama pochi.

"Yuko wapi asali yangu?" kitafsiri kilisema, kikigeuza neno kwa neno jina lao la kumbembeleza mtoto, na Kezia akakimbilia kabatini kutafuta asali. Norma akamdaka, akambusu utosini. "Mji mzima unazungumza habari yako, mtoto! Lile neno. Shikamoo. Amos amewafundisha wenzake wote, wamelipenda mno. Jumapili ni Siku ya Kutambulishana. Tunataka wewe usimame mbele, uwasalimie kwa niaba ya watoto wote wanaoanza chekechea."

"Anazungumzia bunduki," Yusta alisema taratibu.

"Nazungumzia heshima." Norma aliketi bila kukaribishwa. "Nyie watu mna heshima nzuri kuliko sisi. Sisi tumeisahau. Mtoto akipita kila mlango akatamka lile neno, bunduki zote zitamjua kwa siku moja. Atakwenda shule na kurudi kama amebebwa mgongoni."

"Na asipolitamka?"

Norma aliacha kutabasamu, ila si kwa ubaya. Alikuwa mtu anayeona uchungu kusema jambo ambalo haliwezi kubadilika. "Asipotambulishwa ni mgeni, Yusta. Unajua mwenyewe mgeni ni nini. Naomba usimfanyie hivyo mwanao."

Alipoondoka, Meshaki alimenya ngozi iliyochubuka kidoleni.

"Mimi napita kwenye milango yao kila alfajiri," alisema hatimaye. "Kila mlango unaniuliza, nani anapita? Nataja jina, naenda zangu. Siku ile nilipotambulishwa niliinama, nikarudi nyumbani mzima. Sikufa kwa kuinama, Mama Kezia."

"Yule wa dumu la maji naye hakukataa kuinama. Hakuna aliyemwuliza."

"Ndiyo maana nasema mtoto aamkie! Unataka ajulikane au unataka nini?"

Yusta aligeuka. Alimtazama Kezia akilamba asali kijikoni, mashavu yanang'aa. Kama kulikuwa na kitu duniani ambacho angeinama mbele yake ili huyu afike shule na kurudi, angeinama mpaka paji la uso liguse udongo. Hilo ndilo lililomtisha. Aliwaza bibi yake, aliyekuwa akisimulia jinsi wanawake wa sokoni Kasulu walivyotua vikapu chini kila mwenye bunduki alipopita, wakitazama vidole vya miguu yao wenyewe. Wenye bunduki waliita ile hali heshima. Bibi aliposimulia hivyo alikuwa anatema mate pembeni.

*

Keshoye alimkuta mzee Wendell ameketi barazani. Tangu masika hakupenda kukaa ndani. Yusta alijua, ila hawakuwahi kulizungumza.

"Unanichukia, Yasta?" Hakuwahi kuliweza jina lake.

"Ningekuchukia ningekuletea dagaa?"

"Hawa samaki wadogo wananiangalia machoni." Alichukua mmoja kwa ncha za vidole, akamla, akakunja uso, akachukua mwingine. "Sikiliza. Mwaka ule kiwanda cha makaa kilipofungwa, baba yangu alitulisha kwa bunduki ile. Paa, sungura, bata mwitu. Hakuna mtu aliyekuja kutusaidia, si polisi si serikali. Nilipokuwa na umri wa Kezia alinishika mkono, akaniwekea kiganja juu ya chuma, akasema, hii uiheshimu siku zote. Usimlenge mtu nayo hata kwa mchezo. Usiiache ikiwa na risasi. Usiiamini. Kwangu mimi kumiliki bunduki ni jambo la heshima. Sitaona haya kusema hivyo."

"Na sitaki uone haya," Yusta alisema. Alivuta pumzi. "Darasani kwetu, lile la jioni, mwalimu alituambia neno lenu la heshima ni moja. Mnalitumia kwa bibi zenu, mnalitumia kwa jiko la moto, kwa nyoka, kwa mto uliofurika. Sisi tuna mawili. Bibi tunampa heshima. Nyoka tunamfanyia tahadhari. Baba yako alikufundisha tahadhari, mzee wangu, na alikufundisha vizuri. Nampa heshima yeye kwa hilo. Lakini nyie mmechukua tahadhari ya nyoka mkaivisha koti la bibi."

Mzee Wendell alicheka kidogo puani.

"Alikwambia usiiamini," Yusta akaendelea, sauti imeshuka. "Siku ile ya dumu la maji, uliiamini?"

Mzee alimweka chini dagaa aliyekuwa mkononi. Alifungua mdomo, na kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya taratibu ya baba aliyekwisha kufa, bunduki ikamtangulia: "Sikumtambua."

Mzee Wendell akafumba mdomo. Akamtazama Yusta kama mtu aliyefungiwa ndani ya chumba, ambaye kila akibishiwa hodi mtu mwingine huitikia.

*

Jumapili ukumbi wa zimamoto ulijaa mpaka milangoni. Magari mekundu yalikuwa yametolewa nje, viti vimepangwa, na kila mtu mzima alikuwa na bunduki yake magotini au begani, zimepakwa mafuta, nyingine zimefungwa tepe za rangi. Palinuka chuma na keki. Wamiliki walikuwa watu wa kawaida kabisa: mwalimu wa piano, daktari wa meno, yule mama anayeuza mayai. Yusta aliwajua wengi. Wengi wao walikuwa wema kwake.

Watoto wa chekechea walipita mmoja mmoja, wakasema majina, bunduki zikanong'ona, "Tumekutambua." Kisha Norma akapaza sauti.

"Na sasa, salamu yetu mpya! Kezia!"

Makofi yakalipuka. Yusta alimshika mwanawe mkono. Kiganja cha Kezia kilikuwa na jasho na asali. Meshaki alikuwa amesimama ukutani, uso umekauka, na Yusta hakumtazama kwa kuogopa asije mwenyewe akabadili nia.

Aliinama sikioni mwa mtoto. "Shikamoo tunampa nani?"

"Mtu mkubwa," Kezia alinong'ona.

"Tunampa nani?"

Mtoto alifikiri. "Mtu."

"Haya. Umtazame usoni."

Akampeleka mpaka safu ya mbele, mbele ya mzee Wendell, ambaye alikuwa amemlaza Amos mapajani kwa mikono miwili. Kezia aliinua kidevu, akaitupia bunduki jicho mara moja, kisha akamtazama mzee machoni.

"Shikamoo, babu Wendell."

"MARAHABA," bunduki zote zikaitikia kwa pamoja, mamia ya sauti za mababu, na vioo vya madirisha vikatetemeka.

Watu walicheka, wengine walilia kwa furaha. Norma alianza kupiga makofi.

"Sikuwauliza nyie," Yusta akasema.

Hakupiga kelele. Lakini kitafsiri cha ukumbi kilizibeba sauti zote, kikatangaza, na makofi yakafa mkono mmoja mmoja.

"Samahani?" Norma aliuliza.

"Mwanangu amemwamkia mtu. Tunangoja mtu aitike."

"Amos amekwisha..."

"Imekwisha," Yusta alisema. "Hiyo imekwisha kulia. Mwenyewe bado."

Kitafsiri kikaligeuza "hiyo" kuwa "yeye", kama kilivyoagizwa. Yusta alisikia neno lake likitoka kwenye spika likiwa limevalishwa koti la watu. Basi akakivua kitafsiri sikioni, akakiweka kwenye kiti, akaendelea kwa Kiingereza chake cha darasa la jioni, kilichochongoka huku na huku, maneno yakimtoka kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

"Nawaheshimu," alisema. "Wewe, mama wa mayai. Wewe, mwalimu. Mtu akitunza bunduki ya baba yake, akaifungia, akakaa macho kwa ajili ya watoto wake, nampa heshima mtu huyo. Naye ndiye atakayejibu. Akifanya vizuri ajibu yeye. Akikosea ajibu yeye. Ukiipa hiyo heshima yako, umeipa na jibu lako, na wewe unabaki nini? Unabaki kidole tu. Mtu aliuawa masika. Hamjui hata jina lake. Mliiuliza bunduki! Sitamfundisha mwanangu kuamkia kitu kisichoweza kuona haya."

"Yusta," Norma alisema, "mpe mtoto nafasi ya kurudia. Nakuomba. Asipotambulishwa leo..."

"Tunangoja," Yusta akasema.

Wakangoja. Mtu akakohoa. Kezia alianza kuchezea kifungo cha gauni, lakini hakuondoa macho usoni mwa mzee, maana alifundishwa kwamba mkubwa hujibu, na hakuwahi kuona mkubwa asiyejibu. Kwake jambo hili halikuwa upinzani. Alikuwa anasubiri tu.

Mzee Wendell alitia mkono mfukoni, akatoa kisu chake kidogo cha kuchongea. Alikifungua kwa ukucha. Akaingiza ncha yake kando ya kifungo cha shaba kwenye kitako cha bunduki.

"Wendell," mwenzake wa jirani akamshika bega. "Ukiitoa sikio, sheria haikulindi tena. Kila ilichofanya kinakurudia wewe. Hata cha nyuma."

"Najua sheria," mzee alisema. "Niliipigia kura."

"Mwanangu," bunduki ikasema kwa sauti ya baba yake, "unafanya nini?"

Mkono wa mzee ulisita hapo. Kisha akabinua kisu, na kile kifungo kikaruka, kikagonga sakafu, kikabingirika chini ya viti. Amos ikanyamaza. Ikawa mbao na chuma, kitu kizuri cha zamani, kilichotunzwa.

"Kidole kilikuwa changu," mzee Wendell alisema. Hakumwambia Norma, wala ukumbi. Alimwambia Kezia, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamtazama. "Niliona dumu. Niliona kwamba ni tupu. Komeo lilipofunguka nikaona uamuzi umekwisha kufanywa. Lakini niliona dumu."

Alifuta uso kwa kiganja, akajaribu neno, likamkwama, akalijaribu tena. "Marrahaba," alisema, r zimemjaa mdomoni kama mawe.

"Hujakosea sana," Kezia akamwambia.

Nyuma ya ukumbi mama wa mayai aliondoa bunduki yake begani, akailaza sakafuni, akasimama pembeni yake akiikodolea macho. Hakufanya zaidi ya hapo. Wengine wengi walikumbatia zao zaidi. Norma alisimama, hereni zake zimetulia tuli, na kwa sauti ya mtu anayesoma kitu asichokipenda akatangaza kwamba mtoto Kezia hakutambulishwa, na utambulisho wa mama yake umefutwa, na kwamba kuanzia saa hiyo, kwa mujibu wa sheria, ni wageni katika mji wa Larkin Gap.

"Asante," Yusta akasema. "Wageni tutakwenda kwa miguu."

*

Nje kulikuwa na jua la alasiri, na barabara ya kwenda kwao ilipita katikati ya nyumba pande zote mbili. Baadhi ya watu walikuwa wamekwisha tangulia kwa magari. Meshaki aliwafikia akikimbia. Hakusema kitu. Alihamia upande wa nyumba zilizo karibu, akamweka Kezia katikati.

"Wewe unajulikana," Yusta alimwambia. "Taja jina lako upite."

"Leo nimelisahau," Meshaki akasema, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Nyumba ya kwanza. Sauti ya bibi mmoja wa kale ikatoka juu ya mlango. "Nani anapita?"

Walisimama. Yusta angeweza bado kugeuka, kuinama, kutamka.

"Nani anapita?" sauti ikarudia, na ndani ya tumbo la ile bunduki, kwa mbali, komeo likafunguka. *Kla.*

Yusta alimnyanyua mwanawe, akamweka nyongani, akaupa mlango uso wake wote.

"Njoo mwenyewe uone!"

Pazia likatikisika.

"Njoo mwenyewe uone!" Kezia naye akapaza, anaona ni mchezo mzuri kuliko yote ya siku ile.

Mlango ukafunguka. Mzee mmoja mwenye soksi bila viatu alisimama kizingitini, kipande cha keki bado mkononi, bunduki ikimwita kwa jina nyuma ya kichwa chake. Mkono wake mwingine ulikuwa umeanza kunyanyuka kuishika bunduki. Akawaona. Mwanamke, mwanamume, mtoto mwenye asali shavuni. Mkono ukabaki hewani, kisha, kana kwamba haukujua pengine pa kwenda, ukakwaruza kisogo.

"Shikamoo," Kezia akamwambia.

Mzee alitazama nyuma, akatazama mbele. "Sijui hilo linajibiwaje," alisema.

"Nitakufundisha," Kezia akasema.

Nyumba ya pili mlango ulifunguka kabla hawajaulizwa. Ya tatu kulikuwa na mtu amekwisha toka barazani, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mbele zaidi, milango mingine ilikuwa imefungwa, na sauti za mababu zikiuliza, zikiuliza tena. Mtaa ulikuwa mrefu. Yusta akapunguza mwendo, ili kila mtu apate nafasi ya kuja mwenyewe.